Moto wa Ekari Moja

Ndege ilipoletwa Rufiji kwa mara ya kwanza, Novemba 1914, haikuja kutafuta moto. Ilikuja kutafuta meli. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imeizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha katika matawi ya delta kutengeneza mitambo yake. Waingereza walijua iko humo ndani. Wasichokijua ni mlango upi wa mto na kona ipi. Wakamwajiri rubani raia, Dennis Cutler, aliyekuwa akionyesha watu urushaji wa ndege kule Durban. Wakamleta pamoja na ndege yake ya kutua majini hadi kisiwa cha Nyororo, jirani na Mafia, wakamwambia aitafute.

Aliiona. Ilimchukua safari kadhaa, na katika mojawapo alipotea baharini mpaka akaja kuokotwa, lakini aliiona. Desemba ndege iliharibika, akatua kwenye maji ya Wajerumani, akatekwa. Julai mwaka uliofuata ndege nyingine zilizokuwa zikiruka kutoka Mafia zilielekeza mizinga ya manowari za Kiingereza Severn na Mersey, na tarehe 11 Julai 1915 nahodha Max Looff akaamuru Königsberg ilipuliwe na watu wake wenyewe.

Vitabu vya vita hupenda sana kisa hiki. Mimi nakitaja kwa sababu nyingine. Hapa ndipo macho ya angani yalipoanza kuisoma nchi ya Rufiji, na tangu siku hiyo yana tabia ileile: yanakuja yakiwa yameshaambiwa kitu gani cha kutafuta. Meli yenye urefu wa zaidi ya mita 100, ikiwa imefunikwa matawi katikati ya mikoko, iliwasumbua Waingereza kwa wiki nyingi. Wavuvi waliokuwa wakiipita kwa mitumbwi hawakuhitaji ndege kujua ilipo. Na moshi uliokuwa ukipanda bara, kwenye mashamba yaliyokuwa yakisafishwa kungojea mvua, haukuwa na maana yoyote kwa mtu aliye vitani.

Moshi huo ulikuwa wa zamani mno. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyechimba katika maeneo mengi ya pwani hii, alipata huko Mkukutu, Kibiti, shanga za Kirumi, na mwaka 1999 akazichapisha kama ushahidi kwamba watu wa Rufiji walikuwa kwenye biashara ya Bahari ya Hindi karibu miaka 2,000 iliyopita. Walikuwa wakulima na wafua chuma. Kufua chuma kunataka mkaa, na mkaa unataka miti. Kwa hiyo tukisema savana na misitu ya Kibiti ni ya asili, tusisahau kwamba asili hiyo imeishi na viberiti vya kila aina kwa milenia mbili.

Mfano ni Ruaruke, kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, kaskazini ya Mto Rufiji, upande ambao nchi kavu ya mchanga huteremkia kwenye delta. Mpaka miaka ya karibuni, kabla Kibiti haijawa wilaya, yote hiyo ilihesabiwa kuwa Rufiji. Kilimo chake ni kilekile cha ukanda huo: mpunga bondeni, mihogo, ufuta na mikorosho juu. Na moto wake ni wa aina ambayo haina sifa. Shamba jipya hufyekwa Agosti na Septemba, kusi likiwa limeshakausha kila kitu. Matawi hukatwakatwa yakatandazwa, yasirundikane kwenye shina la mti ambao mwenye shamba anautaka. Pembezoni hupaliliwa njia ya moto, upana wa hatua tatu au nne, mpaka udongo mtupu uonekane. Kisha hungojewa. Moto hauwashwi jua la utosini. Huwashwa alasiri, upepo umepoa, na huanzishwa upande ule upepo unakokwenda ili utambae kinyume chake, polepole, ukila majani makavu bila kurukia kwa jirani. Watu husimama kando na matawi mabichi mkononi. Kabla ya magharibi kazi imekwisha, na ekari moja imekuwa nyeusi.

Hivyo ndivyo inavyokuwa mambo yakienda sawa. Yasipokwenda sawa, moto huingia kwenye korosho. Mkorosho huanza kuchanua wakati huohuo wa kiangazi, na ukiunguzwa Septemba mwenye nao amepoteza msimu mzima. Halafu kuna moto usio na shamba: wa mrina asali aliyeacha mwenge chini ya mti, wa mwinda ndezi, wa mchoma mkaa, wa mfugaji anayetaka nyasi changa. Mwenye moto huo huwa hajulikani. Kila ukiuliza, uliwashwa na mpita njia.

Serikali ya kwanza kuuona moto wa namna hii kuwa kosa ilikuwa ya Wajerumani. Mikoko ya Rufiji ilikuwa mali, magogo na magome yake yaliuzwa ng'ambo, na mapema kabisa katika utawala wao waliifanya hifadhi ya dola. Kisha zikafuata amri za misitu ya bara: hapa pasifyekwe, hapa pasichomwe. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyepekua kumbukumbu za misitu za kipindi hicho, ameeleza kwamba kunyang'anywa misitu kulikuwa sehemu ya hasira iliyolipuka Julai 1905 kwenye vilima vya Matumbi, kusini ya mto, watu walipong'oa pamba ya lazima wakaanzisha Majimaji. Sisi tumezoea kufundishwa pamba na kodi. Msitu haupati nafasi kwenye daftari la shule, na nadhani ni kosa, kwa maana mtu wa Matumbi aliyekatazwa kufungua shamba jipya alikuwa amekatazwa kula.

Moto uliofuata ulikuwa wa serikali yenyewe. Majeshi ya Gavana von Götzen yalichoma vijiji, ghala na mazao yaliyokuwa shambani ili njaa imalize kile ambacho risasi hazikukimaliza. Makadirio ya waliokufa huanzia 75,000 hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Nchi pana ya kusini ikabaki bila watu. Nchi isiyo na watu haina mashamba ya kuukatiza moto, na nyasi za miaka kadhaa hurundikana. Wanyama wakaingia, ndorobo, yaani mbung'o, wakaingia, na baadaye ramani zikaiita pori.

Waingereza walipochukua Tanganyika walikuta kazi ya kuichora nchi ikiwa imeanza kwa miguu. Aliyeiendeleza kuliko wote ni Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyefika mwaka 1905 akiwa ameajiriwa na Wajerumani na akabaki chini ya watawala wapya. Kwa miaka 40 aliandika shajara ya kila alichokiona kando ya njia: udongo, maji, miti, mashamba. Ramani yake ya aina za uoto wa Tanganyika ilichapishwa mwaka 1949, yeye akiwa amefariki miaka mitatu nyuma. Ilikuwa kazi kubwa, na hata leo ukiitazama unashangaa mtu mmoja aliwezaje. Lakini moto hauchoreki kwa namna hiyo. Mti utaukuta kesho. Moto unapita.

Kwa hiyo wataalamu wa moto walifanya kitu kingine: waliuwasha wao. Charles Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori kabla ya kukabidhiwa utafiti wa ndorobo huko Shinyanga, alitaka kuangamiza vichaka ambavyo mbung'o hujificha kivulini mwake. Aliona kwamba Wasukuma, kama wakulima wengine, walichoma mapema na kidogokidogo, nyasi zikiwa bado na unyevu, na moto wa namna hiyo hauui kichaka. Akapatana na watemi, akiwemo Makwaia wa Usiha, kwamba mtu yeyote asichome mpaka mwisho wa kiangazi. Nyasi zikakauka kabisa. Kisha nchi nzima ikawashwa kwa pamoja, na moto ukapiga vichaka kwa ukali ambao hakuna moto wa shamba uliowahi kuufikia. Swynnerton alifariki kwenye ajali ya ndege tarehe 8 Juni 1938, pamoja na B. D. Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara hiyohiyo.

Jaribio la Shinyanga linanivutia kwa sababu linakiri, bila kukusudia, jambo ambalo amri za misitu zilikuwa zikilikana. Moto wa mwanakijiji haukuwa ule uliokuwa ukimaliza miti. Ilibidi serikali iusimamishe kwa miezi kadhaa ndipo upatikane moto wa kuua.

Uthibitisho wa kipimo ulitoka nje ya mipaka yetu, Ndola, Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya sasa. Mwaka 1933 yalitengwa pale maeneo madogo ya miombo: mengine yachomwe kila mwaka mapema, mengine yachomwe kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, mengine yasiguswe na moto hata mara moja. C. G. Trapnell alichapisha matokeo mwaka 1959, baada ya robo karne. Palipochomwa mwishoni, miti mikubwa ilikuwa imekufa moja baada ya nyingine na mahali pake pakawa nyasi na machipukizi ya vichaka. Palipochomwa mapema, miombo ilisimama na watoto wake walikua. Pasipochomwa kabisa, msitu ulianza kujifunga, mimea ya kivuli isiyopenda moto ikaingia. Sababu si ngumu kuielewa. Mei na Juni shina la nyasi bado lina maji. Moto hupita chini, kimo cha goti, ukaacha madoa ambayo hayakuungua. Septemba na Oktoba nyasi ni kavu kabisa, joto la mchana ni kali, miti ya miombo imeanza kutoa majani mapya, na mwali hufika kwenye matawi ya mti mchanga kabla haujapata gome la kuukinga.

Mche wa myombo au mtondoro hufa juu ukabaki hai chini. Mwaka unaofuata huchipua tena, na moto ukija mkali huunguza tena. Unaweza kukuta mche wa kimo cha mkono wenye mizizi ya umri wa miaka kumi na zaidi, unaongoja tu kiangazi kimoja au viwili vya nafuu ili uvuke kimo cha mwali. Ukishavuka, umeokoka. Maisha yote ya msitu huo yamo katika kuvuka huko, na tarehe ya moto ndiyo inayoamua.

Idara ya wanyamapori ililielewa hilo upesi. Huko kwenye pori la akiba la Selous, magharibi ya Utete na Kibiti, walinzi walichoma mapema kila mwaka, na kutoka kituo cha utafiti wa miombo cha Kingupira mwanaikolojia Alan Rodgers alifuatilia nyasi, miti na wanyama wa upande wa mashariki wa pori hilo katika miaka ya 1960 na 1970. Idara nyingine za serikali ziliendelea kubandika matangazo ya kupiga marufuku moto wote, wa Mei kwa wa Oktoba. Sheria ya Misitu ya 2002 imekuwa na busara zaidi: inadai kibali na taarifa kwa majirani, haikatazi kila mwali.

Katikati ya hayo ulikuja uhamisho uliobadilisha moto wa Rufiji kuliko utafiti wowote. Mafuriko ya 1968 yalilifunika bonde, na serikali ikaamua kuwaondoa watu bondeni na kuwapandisha nchi ya juu. Operesheni Rufiji ikatangulia, vijiji vya ujamaa vikafuata. Kule bondeni Mrufiji alilima mlao, akipanda kwenye unyevu ulioachwa na maji yalipoteremka, akilala kwenye dungu lake kufukuza ndege na nguruwe. Mto wenyewe ndio uliorutubisha shamba. Nchi ya juu ni mchanga. Rutuba yake imo kwenye miti iliyo juu yake, na njia ya kuishusha ni shoka na moto, kisha kuhama baada ya misimu michache. Waliowahamisha hawakuhesabu hilo. Walihesabu kaya, zahanati na shule.

Wakati huo macho ya angani yalikuwa yamepanda juu zaidi. Landsat ya kwanza ilirushwa tarehe 23 Julai 1972, ikipita mahali pamoja kila baada ya siku 18. Nairobi ilianzishwa taasisi ya kanda ya ramani na picha za angani mwaka 1975. Picha zilikuwa ghali, na kwa moto zilikuwa na udhaifu mkubwa: kovu la nyasi zilizoungua pwani hufunikwa na majani mapya ndani ya wiki chache. Siku 18, tena ukiongeza wingu moja lililokaa vibaya, zinatosha kuufanya msimu mzima upotee.

Picha ya bara zima ilitoka mahali pasipotarajiwa, kwenye setilaiti za hali ya hewa za jeshi la Marekani, ambazo zilikuwa zikipiga picha usiku. Donald Cahoon na wenzake walizipitia picha za 1986 na 1987, wakahesabu nuru za moto, na mwaka 1992 wakachapisha kwenye jarida la Nature mwenendo wa moto wa savana za Afrika: unaanza kaskazini ya ikweta mwisho wa mwaka, halafu unahamia kusini katikati ya mwaka unaofuata, ukifuata kule mvua zilikoondoka. Swali la hewa lilikuwa limeshaulizwa. Paul Crutzen, ambaye baadaye alipata Nobel ya kemia, na Meinrat Andreae walikuwa wameonyesha mwaka 1990 kwamba uchomaji wa mimea kwenye nchi za joto unaingiza angani gesi nyingi kiasi cha kuhesabika kwenye hali ya hewa ya dunia. Hapa inafaa kutofautisha. Kaboni dayoksaidi ya nyasi zilizoungua hurudishwa na nyasi za masika yajayo. Methani na oksidi ya nitrojeni hazirudi hivyo, na mti uliokufa kwa moto wa Oktoba huchukua miongo kurudi, kama utarudi.

Kisha zikaja Terra, Desemba 1999, na Aqua, Mei 2002, kila moja ikiwa na chombo kiitwacho MODIS. Karibu kila siku ya Mungu kila kipande cha Tanzania kilitazamwa: Terra saa nne na nusu asubuhi, Aqua saa saba na nusu mchana, na tena usiku. Chombo hiki huutambua moto kwa njia mbili. Ya kwanza ni joto. Kitu kinachowaka hutoa mnururisho mwingi sana wenye urefu wa mawimbi wa karibu mikromita nne, kiasi kwamba mwali wa mita za mraba 1,000 hung'aa ndani ya kisanduku cha picha chenye upana wa kilomita nzima. Njia ya pili ni kovu: kulinganisha rangi ya ardhi ya jana na ya leo, katika visanduku vya mita 500 kwa 500.

Kazi zilizofuata zilibadilisha mengi tuliyoyaamini. Serengeti, kwa mfano, ilijulikana tangu tafiti za Anthony Sinclair na Mike Norton-Griffiths kwamba sotoka ilipotokomezwa nyumbu waliongezeka, kutoka karibu 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja kabla ya 1980. Nyasi zikaliwa, moto ukapungua, miti ikarudi. Mwaka 2009 Ricardo Holdo na wenzake, Sinclair akiwemo, walipiga hesabu ya kaboni na kuonyesha kwamba nyumbu wameigeuza mbuga hiyo kutoka mtoaji kuwa mpokeaji. Upande wa miombo, Beatrice Tarimo alifuatilia kwa data za MODIS za 2000 hadi 2011 mahali na majira ya moto unaowashwa na watu katika misitu hiyo ya Tanzania. Na Sally Archibald wa Afrika Kusini akaonyesha jambo linalokwenda kinyume na lawama tulizozoea: panapokuwa na watu wengi mioto huwa mingi zaidi, lakini eneo linaloungua hupungua. Mashamba, barabara na ng'ombe hukata nyasi vipande, na moto hukosa pa kwenda.

Mwaka 2017 Niels Andela na wenzake walitangaza kwenye jarida la Science kwamba eneo linaloungua duniani kila mwaka limepungua kwa takribani robo kati ya 1998 na 2015, zaidi kwa sababu ya kilimo kupanuka kwenye savana. Habari ilipokelewa kwa mshangao, maana dunia ilikuwa imezoea kusikia kwamba moto unaongezeka. Hakuna shaka kwamba mioto mikubwa ilipungua. Ila swali la mtu wa Kibiti lilikuwa jepesi na lilikuwa bado halijajibiwa: ule wa shambani mmeuhesabu?

Kisanduku cha mita 500 kwa 500 ni hekta 25, zaidi ya ekari 60. Ekari moja iliyoungua ndani yake haibadilishi rangi ya kisanduku kiasi cha kuonekana. Njia ya joto nayo inataka moto uwe unawaka wakati chombo kinapita. Moto uliowashwa saa kumi alasiri na kuzimika kabla ya magharibi umekwepa Terra, umekwepa Aqua, na usiku umebaki jivu. Ustadi wenyewe wa mchomaji, ule wa kungoja jua lishuke na upepo upoe, ndio unaomfanya asionekane.

Jibu lilipatikana setilaiti za Sentinel-2 ziliporushwa, ya kwanza Juni 2015, zenye kuona vitu vya mita 10 hadi 20. Kwa visanduku vya mita 20, ekari moja ni visanduku kumi hivi. Timu ya Ekaitz Roteta na Emilio Chuvieco kutoka Hispania ilichakata picha za Afrika yote kusini ya Sahara za mwaka 2016, kazi ya kompyuta ambayo miaka kumi nyuma isingefikirika. Matokeo yao, yaliyochapishwa 2019, yalikuwa kilomita za mraba milioni 4.9 zilizoungua mwaka ule mmoja. Hiyo ni zaidi ya mara tano ya Tanzania, na ni asilimia 80 zaidi ya kilichokuwa kimeonekana kwa MODIS. Yaani ardhi zaidi ya Tanzania mbili ilikuwa imeungua mwaka huo bila kuandikwa na chombo kilichokuwa kikitegemewa na dunia nzima. Mwaka 2021 Rubén Ramo na wenzake wakageuza makovu hayo kuwa gesi: kaboni iliyotoka ilikuwa juu ya makadirio ya awali kwa asilimia 31 hadi 101, kutegemea ni makadirio gani unayolinganisha nayo.

Hesabu hiyo ina hatari yake, na sijaona ikisemwa vya kutosha. Mkulima aliyekuwa haonekani sasa anaonekana, na kitu cha kwanza kitakachoandikwa juu yake ni uchafuzi. Ni kweli gesi ilitoka. Lakini moto wa ekari moja uliozungushiwa njia ya moto ndio uleule ambao, kwa hesabu za Archibald, unauzuia moto wa ekari 1,000. Ramani inayoonyesha kovu bila kuonyesha lile ambalo halikuungua jirani yake ni ramani nusu. Na pwani kuna wingu la vuli, ambalo huanza kujikusanya Oktoba, mashamba yanapochomwa. Hata Sentinel hupita kila baada ya siku tano tu, na ikikuta wingu huondoka mikono mitupu.

Hatua iliyokaribia zaidi kuunganisha mambo haya ilifanyika ng'ambo ya mto, Kilwa. Katikati ya miaka ya 1990 wanafunzi wa Cambridge walikuja kuchunguza mpingo, na kutokana nao likazaliwa shirika ambalo leo linajulikana kama MCDI. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, ya kwanza Afrika kwa misitu ya asili inayosimamiwa na wanavijiji wenyewe. Baadaye, kwa fedha za Norway za majaribio ya MKUHUMI, mpango wa kupunguza hewa ukaa inayotokana na ukataji na uharibifu wa misitu, shirika lilianza kufanya na kamati za vijiji kile ambacho Trapnell alikuwa amekipima Ndola: kuchoma mapema, Mei hadi Julai, wakati moto unaweza kuzimwa kwa matawi. Kazi hiyo ilitegemea pia Casey Ryan wa Edinburgh, ambaye kwa majaribio ya moto nchini Msumbiji alitengeneza hesabu ya kukadiria miti mingapi hufa kwa moto wa ukali gani. Mwaka 2015 njia ya MCDI ya kupima kaboni inayookolewa kwa kusimamia moto ilikubaliwa katika soko la hiari la kaboni, ikapewa namba VM0029.

Vijiji vya Kilwa vilijua kuchoma mapema kabla Cambridge haijavisikia, hilo halina ubishi, lakini tusilipambe kupita kiasi. Kujua kwa mzee mmoja hakuzuii moto wa kijana wa kijiji cha pili. Jambo jipya lilikuwa kukaa kamati, kutaja siku, kugawa mipaka na kulipwa posho kwa kazi ambayo zamani kila mtu aliifanya kwa wakati wake au hakuifanya.

Tanzania ilitunga kanuni za biashara ya kaboni mwaka 2022, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kiko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Kanuni hizo, kama soko lenyewe, zinamfaa mwenye msitu mpana: eneo lililopimwa, historia ya moto inayosomeka kwenye picha, mti unaohesabika. Ruaruke na kata zinazofanana nayo zina mashamba ya ekari moja au mbili, vichaka vya kupumzisha ardhi, na mikorosho ya familia. Mkulima anayepalilia njia ya moto, akangoja upepo upoe, akaokoa pori la jirani, hajafanya kitu kinachoingia kwenye fomu yoyote kati ya hizo. Gharama ya kumpima na kumthibitisha ingezidi mara nyingi kaboni ya shamba lake. Watakaotaka kumlipa itabidi kwanza wakubaliane jinsi ya kupima moto ambao haukuvuka mpaka, na hiyo ni hesabu ambayo hakuna setilaiti inayoweza kuifanya bila mtu wa kumuuliza aliyesimama pale na tawi bichi.